Binti wa dola 475: jinsi nasaba ya Melvinia Shields ilivyofuatiliwa

Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Kingston jimboni Georgia, Marekani, alifariki bibi mmoja mwenye umri wa miaka tisini na ushei. Kwenye cheti chake cha kifo, palipohitajika jina la baba na jina la mama, ndugu aliyetoa maelezo alijibu kwamba hajui. Bibi huyo ni Melvinia Shields. Kilembwekeza wake, Michelle Obama, aliingia Ikulu ya Marekani Januari 2009 akiwa mke wa rais, na Oktoba mwaka huo huo mtaalamu wa nasaba Megan Smolenyak pamoja na gazeti la New York Times wakatangaza jinsi walivyomfikia Melvinia kupitia karatasi za zaidi ya miaka 150.

Lile jibu la "sijui" limesomwa na wengi kama ushahidi kwamba Melvinia mwenyewe hakuwajua wazazi wake. Mimi ningeenda taratibu hapo. Cheti cha kifo ni ushahidi mzuri wa kifo: tarehe yake, mahali pake, jina la marehemu. Lakini kuhusu kuzaliwa kwa marehemu na wazazi wake, cheti kinabeba tu yale anayoyajua mtoa maelezo, ambaye mara nyingi ni mtoto au mjukuu mwenye majonzi anayejibu maswali ya karani. Asiyejua ni yeye aliyeulizwa. Huenda Melvinia alijua na hakusimulia. Huenda alisimulia na wasikilizaji wakatangulia kufa. Anayefuatilia ukoo akizoea kuuliza "nani alisema haya, na alijuaje?" atajiepusha na makosa mengi, na kisa hiki chote kinasimama juu ya swali hilo.

Kutoka Chicago kurudi nyuma

Nasaba hufuatwa kuanzia kwa walio karibu, kizazi kimoja kwa kimoja, bila kuruka. Michelle Robinson alizaliwa Chicago mwaka 1964. Mama yake ni Marian Shields, aliyezaliwa Chicago mwaka 1937. Baba wa Marian ni Purnell Shields, fundi rangi ambaye familia yake ilitoka Birmingham, Alabama, katika lile wimbi kubwa la Wamarekani Weusi waliohama Kusini kwenda miji ya viwanda ya Kaskazini. Baba wa Purnell ni Robert Lee Shields, aliyemwoa Annie Lawson mwaka 1906, akafanya kibarua na upagazi wa reli, kisha akatoweka kabisa kwenye kumbukumbu akiwa na miaka thelathini na kidogo. Baba wa Robert Lee ni Dolphus Shields, seremala. Na mama wa Dolphus ni Melvinia.

Ukiitaja hivyo kwa pumzi moja, inaonekana njia nyeupe. Haikuwa hivyo. Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, lakini fomu zenye majina hufungwa kwa miaka 72. Utafiti huu ulipofanyika mwaka 2009, sensa mpya kuliko zote iliyokuwa wazi kwa umma ilikuwa ya 1930. Ile ya 1940 ilifunguliwa mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa 1937 hakuonekana kwenye sensa yoyote inayosomeka. Wanaoanza kazi hii hudhani vizazi vya karibu ndivyo rahisi, kumbe kwa watu wa karne ya 20 inabidi utegemee vyeti vya ndoa na vya vifo, magazeti, na kumbukumbu za wazee wa nyumbani.

Pengo la pili ni la 1890. Fomu za sensa ya mwaka huo ziliharibiwa na moto uliotokea Washington mwaka 1921, na hatimaye karibu zote zikapotea. Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 pana miaka ishirini ya giza, na ni ndani ya giza hilo hilo Dolphus alipoondoka Georgia. Wakati fulani kabla ya 1888 yeye na mkewe Alice walihamia Birmingham, mji uliokuwa umeanzishwa mwaka 1871 tu na uliokuwa ukikua kwa kasi kwa sababu ya chuma, reli na viwanda. Mtu aliyeonekana Georgia akiwa kijana anaibuka tena Alabama akiwa baba wa familia, na mtafiti analazimika kuthibitisha kwamba ni yule yule: umri ulingane, jimbo alikozaliwa lilingane, jina la mke lilingane, kazi iwe na mantiki. Jina pekee halitoshi, ingawa kwa bahati nzuri Dolphus si jina la kila mtaa.

Dolphus aliacha alama nyingi kuliko mama yake. Alijua kusoma na kuandika. Sensa ya 1900 inaonyesha kwamba nyumba aliyoishi ilikuwa yake. Kufikia 1911 alikuwa na karakana yake ya useremala na kunoa zana. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa makanisa ya Kibaptisti mjini humo. Alipofariki mwaka 1950 akiwa na miaka 91, gazeti la Weusi la Birmingham World lilitoa taarifa yake ukurasa wa mbele, na ukurasa huo huo ulibeba habari za Mahakama Kuu ya Marekani kupinga ubaguzi katika mabehewa ya chakula na katika vyuo vikuu. Mtoto aliyezaliwa mtumwa alifika hadi siku hiyo. Magazeti ya Weusi wa Marekani ni hazina kwa kazi hii, kwa sababu magazeti ya wazungu ya Kusini yaliandika habari za Weusi hasa waliposhtakiwa.

Ukuta wa 1870

Kila anayefuatilia babu au bibi aliyekuwa mtumwa Marekani hugonga ukuta mmoja: mwaka 1870. Utumwa ulikomeshwa kisheria kote nchini Desemba 1865, hivyo sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu wote waliowekwa huru kwa majina yao. Kabla ya hapo, mwaka 1850 na 1860, serikali ilikuwa na orodha maalumu ya watumwa, ambamo jina lililoandikwa ni la mmiliki. Chini yake panafuata umri, jinsia na rangi, mstari kwa mstari: mwanamke fulani wa miaka thelathini, mvulana fulani wa miaka minne. Majina yao hayapo, isipokuwa kwa nadra sana.

Sensa ya 1870 inamwonyesha Melvinia katika Wilaya ya Clayton, kusini mwa Atlanta, akiwa kibarua wa shamba mwenye watoto wanne. Watoto watatu, Dolphus akiwamo, wameandikwa kuwa chotara. Sensa hiyo haikuuliza mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Swali hilo liliingia mwaka 1880. Kwamba hawa ni watoto wake ni jambo linalojengwa kutokana na umri, jina na kumbukumbu za baadaye. Vilevile neno "chotara" katika fomu hiyo halikuthibitishwa na mtu. Karani alitazama ngozi akaandika. Ni dalili inayofaa kuandikwa pembeni ya daftari, isiyofaa kuhukumia.

Kilicho muhimu kuliko rangi ni mpangilio wa ukurasa. Makarani walizinamba kaya kwa kadiri walivyozitembelea, kwa hiyo walioandikwa karibu mara nyingi walikaa karibu. Melvinia alikuwa akifanya kazi kwenye ardhi inayopakana na ya Charles Shields, mzungu, mtoto wa Henry Shields.

Hapa ndipo wengi hukimbilia hitimisho: jina la ukoo ni Shields, jirani ni Shields, basi Shields ndiye aliyemmiliki. Safari hii lilikuwa kweli, ila kama kanuni ni hatari. Wapo waliowekwa huru wakachukua jina la bwana wa mwisho, wapo waliochukua la bwana wa zamani aliyewamiliki wazazi wao, na wapo waliojichagulia jina jipya kabisa. Jina likilingana linakupa mahali pa kuchimba, halafu lazima uchimbe. Na Clayton ina mtego wake: wilaya hiyo iliundwa mwaka 1858 kwa kumega wilaya za Henry na Fayette. Anayetafuta hati za mwaka 1853 kwenye makabati ya Clayton atarudi mikono mitupu, kwa sababu wilaya yenyewe haikuwapo.

Kufikia 1860 Henry Shields alikuwa na shamba la ekari 200 hivi katika eneo ambalo leo ni Rex, na watumwa watatu. Hakuwa mmoja wa wale matajiri wa mashamba makubwa ambao sinema zimetuzoesha. Mkulima wa ekari 200 mwenye watumwa watatu hufanya kazi bega kwa bega nao, na nyumba zao hukaribiana. Nitalirudia hili kwa Charles.

Karatasi za mke

Sasa swali la kiutafiti: Henry Shields alimpataje Melvinia? Alimnunua? Alizaliwa hapo hapo shambani? Jibu lilipatikana kwa mkewe. Henry alimwoa Christianne Patterson, na Christianne alikuwa binti wa David Patterson wa South Carolina. Hili ndilo funzo la kiufundi ninalolithamini kuliko yote katika kisa hiki: mali ya binadamu ilisafiri sana kupitia mabinti na wajane. Baba alimgawia binti yake aliyeolewa mbali, na mtumwa akahama jimbo na kubadili jina la bwana bila hati yoyote ya mauzo kuandikwa. Mtafiti anayefuata jina la mume peke yake ataganda Georgia maisha yake yote. Ukijua jina la kuzaliwa la kila mke katika familia ya wamiliki, unavuka mpaka.

Mwaka 1850 David Patterson aliandika wosia. Katikati ya magurudumu ya kusokotea uzi, miundu, vitambaa vya meza na ng'ombe, wosia unamtaja mtoto wa kike mweusi aitwaye Melvinia. Alikuwa na miaka sita. Patterson alifariki mwaka 1852, na katika tathmini ya mirathi binti huyo akawekewa bei: dola 475.

Inauma kusoma. Na inauma zaidi kufahamu kwamba bila bei ile tusingemjua. Sensa ya serikali iliyomhesabu mwaka ule ule wa 1850 haikuona haja ya kuandika jina la mtumwa. Mirathi ilikuwa na haja hiyo, kwa sababu warithi hugombana, na mahakama ilitaka kila mali itambulike bila utata. Ndiyo maana anayemtafuta mtu aliyekuwa mtumwa hawezi kubaki kwenye karatasi za ukoo wake mwenyewe. Lazima aingie kwenye mali ya waliommiliki: wosia, orodha za wathamini, rehani, kesi za madeni, hati za zawadi kwa mabinti. Jina la mtumwa limo humo, kati ya sufuria na ng'ombe.

Shamba la Patterson lilikuwa na watumwa 21. Melvinia aliyezaliwa kati yao, karibu mwaka 1844, alipelekwa Georgia akiwa na miaka minane au zaidi kidogo, mwendo wa zaidi ya kilomita 250, akawa mmoja wa watu watatu. Watoto wa Michelle Obama wana upande wa pili wa damu, wa baba yao Barack Obama, kutoka Nyang'oma Kogelo nchini Kenya, ambako Wajaluo hutaja mababu kwa mdomo, baba baada ya baba, kwenda nyuma vizazi vingi. Kumbukumbu ya namna hiyo huishi pale ambapo mtoto anakua miguuni pa wazee na kuyasikia majina yale yale kila mwaka. Mtoto aliyeng'olewa akiwa na miaka minane hakunyimwa mama tu, alinyimwa na shule hiyo.

Baba wa Dolphus

Dolphus alizaliwa karibu mwaka 1859. Melvinia alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Karatasi hazimtaji baba, na zisingeweza kumtaja. Tangu sheria ya Virginia ya mwaka 1662, ambayo majimbo mengine ya Kusini yaliifuata, mtoto alichukua hadhi ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Mzungu aliyezaa na mtumwa wake aliongeza mali yake na hakuwajibika kwa lolote. Kuandika jina lake kungemfaidi nani?

Mwaka 2009 watafiti waliishia hapo, na walifanya vema kuishia hapo. Walisema baba alikuwa mzungu, na kwamba nyumba ya Henry Shields ilikuwa na wanaume kadhaa: Henry mwenyewe, mwenye miaka arobaini na kitu, na vijana wake wanne. Jibu lilikuja mwaka 2012, katika kitabu cha mwandishi wa habari Rachel Swarns, baada ya wazao wa familia ya wazungu ya Shields na wazao wa Melvinia kukubali kupimwa vinasaba. Matokeo yalimwonyesha Charles Marion Shields, mtoto wa Henry, aliyekuwa na umri wa miaka kama ishirini Dolphus alipozaliwa.

Inafaa kuelewa kwa nini kipimo hiki ni kigumu. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, kwa hiyo inaweza kueleza kwamba mstari fulani wa wanaume ni wa ukoo wa Shields. Haiwezi kumtofautisha Charles na kaka zake wala na baba yao, maana wote wanabeba ile ile. Kumpata mtu mmoja ndani ya nyumba kunahitaji kulinganisha vipande vya DNA vya wazao wa matawi mbalimbali, na kuona ni tawi lipi linalochangia nyingi zaidi na wazao wa Melvinia. Na vipande hivyo hupungua kila kizazi. Kwa hiyo kipimo bila mti wa ukoo uliojengwa kwa karatasi ni rundo la namba zisizosema kitu.

Kisha kuna ambalo kipimo hakiwezi kusema kabisa. Mtoto mmoja wa Melvinia alizaliwa miaka kama minne baada ya uhuru, na wapo waliosoma humo mapenzi. Mimi siwezi. Msichana wa miaka kumi na mitano asiyemiliki hata mwili wake, kwenye shamba dogo ambalo hakuna pa kujificha, alikuwa na neno "hapana" la kumwambia nani? Tunajua sheria ilivyojibu swali hilo. Mwaka 1855 huko Missouri, msichana mtumwa aitwaye Celia alimuua bwana wake Robert Newsom, aliyekuwa akimbaka kwa miaka. Mahakama ilikataa kwamba alikuwa na haki ya kujikinga, na akanyongwa Desemba mwaka huo. Nayo miaka ya mwanzo ya uhuru ilimkuta mama mwenye watoto wadogo bila ardhi, bila akiba, akiishi kwa kibarua kwenye mashamba ya watu wale wale. Kubaki hapo si ushahidi wa ridhaa. Mwandishi wa nasaba anaandika kwamba Charles ni baba wa Dolphus, kisha anaandika umri wa kila mmoja na nani alimmiliki nani. Msomaji ana haki ya kupewa vyote viwili.

Watu aliotoka nao

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni hii ambayo magazeti mengi yaliipita haraka. Akiwa katika miaka ya thelathini au arobaini, Melvinia aliondoka Clayton. Kumbukumbu zinamwonyesha Wilaya ya Bartow, kaskazini magharibi mwa Georgia, karibu kilomita 100 kutoka Rex. Huko wapo Mariah na Bolus Easley, watu waliowahi kuwa watumwa kwenye shamba lile lile la Patterson huko South Carolina. Miongo kadhaa baada ya mirathi kuwatawanya, wamekutana tena. Na Dolphus akamwoa Alice, binti wa Easley.

Bila simu, wengi wao bila kusoma, walipataneje? Walikuwa wakitafutana. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyokomesha utumwa, Weusi wengi waliweka matangazo kwenye magazeti wakitaja majina ya mabwana wa zamani na mashamba, wakiulizia mama, kaka, watoto waliouzwa. Wengine walitembea kwa miguu kutoka wilaya hadi wilaya. Kwa mtafiti, kundi kama hili ni ushahidi wenye nguvu kuliko jina la ukoo. Majina ya ukoo yalibadilika: Melvinia aliyekuwa Shields aliishia kuitwa Mattie McGruder, na anayetafuta "Melvinia Shields" kwenye vifo vya 1938 anaweza kupita juu ya cheti chake asikitambue. Lakini watu waliohama pamoja, waliooana, waliojenga jirani, wanabaki wakionekana pamoja ukurasa baada ya ukurasa. Mfuate Easley, utamkuta McGruder, na utagundua ni Shields.

Mwaka 2012 mnara wa kumbukumbu wa Melvinia uliwekwa Rex, karibu na lilipokuwa shamba la Henry Shields. Kazi ya kuwatafuta wazazi wake haijafungwa, na njia yake inajulikana. Inaanzia kwa wale watu 21 wa Patterson: majina yaliyo kwenye wosia na tathmini, yakilinganishwa na umri ulioandikwa katika orodha ya watumwa ya 1850, ili kuona ni mwanamke yupi alikuwa na umri wa kuzaa mwaka 1844. Kisha kila jina lifuatwe hadi kwa mrithi aliyelipata, popote alipohamia, na kutoka hapo hadi sensa ya 1870. Wazao wa hao wapo leo, wengi wao hawajui kwamba bibi yao alitajwa kwenye ukurasa mmoja na Melvinia. Mmoja wao akipimwa na vinasaba vyake vikalingana na vya wazao wa Dolphus, huku damu ya mkewe Alice Easley, ambaye wazazi wake nao walitoka kwa Patterson, ikiwa imeshatengwa kwenye hesabu, jina la mama linaweza kupatikana.